Mbwa Huyu ni wa Nani?

Safu hii hujibu maswali ya wafugaji wa Kigoma na Tabora, na kwa kawaida barua zinazonifikia huwa za ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji. Mwezi huu nimezitenga barua za mbwa, kwanza kwa sababu zimeongezeka, na pili kwa sababu nimeona jambo moja limejificha karibu katika zote: mwandishi huandika "mbwa wetu", kisha katika maelezo yake yote haonekani mtu hata mmoja ambaye ndiye anayemjazia maji. Miaka niliyokuwa nikitibu, swali la kwanza nililomuuliza kila aliyeniletea mbwa halikuwa la ugonjwa. Nilimuuliza: mbwa huyu ni wa nani? Aliyejibu "wa nyumbani" nilijua kwamba dawa nitakayompa itasahaulika juu ya kabati.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ujiji katika nyumba ya urithi yenye wapangaji wawili. Kaka yangu alipohamia Dar es Salaam aliniachia mbwa wake dume, Askari, mwenye umri wa miaka minne. Nampenda sana, lakini naondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi saa kumi jioni, naye hushinda amefungwa mnyororo chini ya mwembe. Anakula ugali na dagaa tunaobakiza, na usiku namfungulia alinde. Hivi karibuni jirani yangu amenilalamikia kwamba mbwa alimgusa alfajiri alipokuwa anakwenda msikitini. Nimtunzeje ipasavyo bila kugombana na mtu?

Marahaba, Mwalimu. Umeandika kwamba unampenda, nami nakuamini, kwa maana asiyempenda mbwa haandiki barua ya kurasa mbili kwa ajili yake. Hata hivyo nimeisoma barua yako mara ya pili nikimtafuta mtu anayemtazama Askari kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, na sikumwona. Wapangaji wako hawawajibiki kwake, na mtoto anayemrushia kipande cha muhogo hawezi kuhesabiwa kuwa mtunzaji. Nitakujibu basi nikichukulia kwamba mwenye mbwa ni wewe peke yako, na kwamba siku yake itapangwa ndani ya siku yako.

Tuanze na alfajiri, kwa kuwa hapo ndipo penye ugomvi. Kwetu Kigoma jua huchelewa kuliko Dar es Salaam, na saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, wakati ambapo waumini wako njiani na wanafunzi wa mbali wameshaanza safari. Mbwa aliyefunguliwa usiku anapaswa awe amefungwa kabla ya adhana ya alfajiri, si baada yake. Ukiona kuamka saa hiyo ni kugumu, mfungulie ndani ya uzio uliokamilika wenye lango linalofungwa, au usimfungulie kabisa.

Wala usilichukulie lalamiko la jirani yako kuwa ni chuki. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Ujiji kama ilivyo katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kinachoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu aliyetoka nyumbani na udhu wake na kanzu safi, akaguswa na pua yenye maji, amepewa kazi kubwa dakika chache kabla ya sala, na aliyempa kazi hiyo ni wewe. Mafundisho hayohayo yanamruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda. Kwa hiyo sidhani kwamba jirani anataka umtupe Askari, anataka mpaka. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto, ukamwombe radhi na kumweleza saa unazomfunga na kumfungua, na mambo ya kidini yakizidi hapo mwulizeni sheikh wa mtaa, si daktari wa mifugo. Bakuli na sufuria ya mbwa viwe vyake peke yake, vioshewe mahali pake, na visiguse karo la wapangaji.

Mnyororo chini ya mwembe ndio ulionisumbua zaidi. Mbwa anayeshinda katika duara la hatua mbili, siku baada ya siku, hageuki kuwa mlinzi mkali bali huwa mwoga mwenye hasira, na huyo ndiye anayeuma watu wasio na kosa. Nunua waya mgumu wa mita kumi hivi, ukaze kati ya mti na nguzo, upitishe pete ya chuma juu yake, kisha mnyororo uning'inie kutoka kwenye pete hiyo ili Askari aweze kwenda na kurudi. Hakikisha hafiki kwenye ukuta au uzio, maana mbwa akiruka ng'ambo akiwa amefungwa hujinyonga. Kivuli cha mwembe ni chema, ila msimu wa maembe okota makokwa kila jioni, kwa sababu kokwa likimezwa hukwama utumboni, na kuliondoa mara nyingi huhitaji upasuaji. Maji yawe mengi, katika chombo kizito kisichopinduka. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema zaidi kuliko kwa jasho, na akikaukiwa hana namna nyingine. Ukirudi jioni, kabla hujakaa kusahihisha madaftari, mtoe kwa kamba nusu saa. Naijua kazi ya ualimu na uchovu wake, lakini hiyo nusu saa ndiyo inayomfanya Askari awe wako badala ya kuwa wa mwembe.

Sasa chakula. Ugali na dagaa si mlo mbaya kwa mbwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa wazima pamoja na miiba yao, kwa hiyo humpa nyama na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Ubaya umo katika neno ulilolitumia mwenyewe, "tunaobakiza". Siku mnapokula mchicha na maharage, Askari anakula ugali mtupu, na siku ya wageni anakula ukoko. Mpimie dagaa wake kabla ninyi hamjala, uwaloweke na kuwakoroga ili mchanga wa ufukweni ubaki chini, kisha uwachemshe bila vitunguu wala chumvi, kwa kuwa vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Vichwa vya samaki aina ya migebuka vinafaa vikichemshwa mpaka viweze kupondwa kwa mwiko. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie, kwa maana hupasuka vipande vyenye ncha.

Nikemee pia tabia moja ninayoiona hata kwa watu waungwana: unga uliovunda, ambao mama mwenye nyumba ameukataa kwa watoto wake, hupikiwa mbwa. Mahindi yenye ukungu huwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huharibika upesi kwa sumu hiyo. Kama haufai kwenu, haumfai. Kipimo cha shibe ni mkono wako: ukipitisha viganja ubavuni unapaswa kuzihisi mbavu bila kuziona kwa mbali.

Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa. Mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa hayaambukizi siku yanapotoka. Yanahitaji wiki kadhaa ardhini ndipo yaive, kwa hiyo anayeokota kila jioni hukata mnyororo wa maambukizi kabla watoto wa wapangaji hawajachezea udongo huo. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi mitatu kulingana na uzito wake, na kwa kuwa hakuna anayeweza kumsimamisha mbwa mwenye akili timamu juu ya mizani, mbebe upimwe naye, kisha upimwe peke yako, utoe. Kupe watafutwe ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole, wang'olewe kwa kibanio karibu na ngozi, wasichomwe kwa njiti ya kiberiti. Ukiona fizi zimepauka na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, huo ni ugonjwa wa kupe, na mpeleke siku hiyohiyo.

Daktari, salaam kutoka Isevya, Tabora. Jumapili mbwa wetu alimuuma mguuni mtoto wa jirani aliyeingia uani kufuata mpira. Jeraha ni dogo, wakalipaka mafuta ya taa. Baba wa mtoto anataka mbwa auawe, na mzee wangu amekubali ili kulinda ujirani. Mbwa alichanjwa mwaka jana lakini cheti hatukioni. Tumuue?

Nilikupigia simu siku barua yako ilipofika, kijana wangu, kwa kuwa jambo hili halisubiri jarida. Naichapisha kwa ajili ya wengine, na jibu langu ni lile nililokupa: msimuue, na mtoto apelekwe hospitali leo.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, huingia kwa jeraha, kisha husafiri taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki au miezi, na ndiyo nafasi pekee tuliyo nayo. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo hatua ya kwanza si mafuta ya taa, wala majivu, wala pilipili, bali ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Dakika hizo huonekana ndefu mtoto anapolia. Zihesabuni hivyo hivyo. Hatua ya pili ni chanjo hospitalini, pamoja na kinga ya pepopunda, na mtoto arudi kila tarehe atakayopangiwa hata kama jeraha limekauka. Udogo wa jeraha usiwadanganye, maana hata mkwaruzo, au ulimi wa mbwa juu ya kidonda cha zamani, unatosha.

Mbwa afungwe mahali salama, alishwe, na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa mwenye virusi kwenye mate yake siku alipouma atakuwa ameugua au kufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, hakuambukiza siku ile, na daktari wa mtoto anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki. Ukimuua leo umeizima taa mnayohitaji kuona kwayo, na mtoto atachomwa sindano zote huku wazazi wake wakiwa na hofu ambayo hakuna wa kuwaondolea. Toeni taarifa kwa afisa mifugo wa kata ili uangalizi uwe wa serikali na si wa maneno ya upande mmoja. Mkiona mbwa amebadilika, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, sauti imekwaruza, taya limelegea na mate yanamtoka, mtu yeyote asimkaribie, na afisa aitwe.

Mzee wako anataka kulinda ujirani, na hilo ni jema, lakini ujirani hulindwa kwa kitu kingine. Nauli ya hospitali, gharama za matibabu na siku za kazi ambazo baba wa mtoto atazikosa ni juu ya mwenye mbwa, hata kama mtoto aliingia bila hodi. Uani penye mbwa mkali pasipofungwa lango ni kosa la mwenye lango. Nendeni nyumbani kwao na fedha mkononi, siyo na mwili wa mbwa.

Kuhusu chanjo, hurudiwa kila mwaka, na mbwa ambaye cheti chake hakionekani mbele ya daktari wa mtoto hana tofauti na asiyechanjwa. Hifadhini cheti pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hakuna anayethubutu kukipoteza. Chanjo hufanyika sana karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka 10 baada ya chanjo yake kutumika kwa mtoto aliyeumwa na mbwa. Wakati wa kampeni za namna hiyo mpelekeni hata mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza miezi mitatu, kisha arudiwe akikua. Mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Na ndiyo maana mbwa wako si jambo lako peke yako.

Shikamoo. Naishi Mwanga, Kigoma. Jike langu limezaa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, safari hii watoto saba. Watu walichukua wawili. Mume wangu anasema waliobaki tuwatie kwenye kiroba tukawaache sokoni, watapata wa kuwaokota. Naona vibaya. Kuna njia nyingine?

Marahaba, mama. Unaona vibaya kwa sababu ni vibaya, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo haimruhusu mtu kumtesa mnyama aliye chini yake. Watoto wa sokoni hawaokotwi na watu wema. Wachache wanaopona huwa mbwa koko wa jalalani, hawachanjwi, na mwakani ndio watakaomuuma mtu wako.

Watoto wakae na mama yao mpaka wiki nane, wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kwa kuwa minyoo huwapata wakiwa bado tumboni na kwa maziwa. Mtangazie kila unayemfahamu, shuleni, kanisani, kwa wenye magodauni na kwa walinzi wa usiku, na umpe tu yule atakayekuambia jina la mtu atakayemlisha.

Kisha jike ahasiwe. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa wiki tatu hivi kila mara, na hubeba mimba kwa siku 63 kwa wastani. Kwa hiyo kumfungia chumbani siku mbili ukadhani hatari imepita ni kujidanganya, na madume wa mtaa mzima wataruka uzio wako kuthibitisha hilo. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, wakati maziwa yameshakauka. Gharama yake itakuuma mara moja. Na dume la jirani lililohusika nalo lihasiwe, ingawa najua waume wengi hukunja uso wakisikia habari hiyo, kana kwamba wametajwa wao.

Daktari, mimi ni mrina asali wa Urambo. Mbwa wangu huandamana nami porini kila ninapokwenda kwenye mizinga. Mwezi huu macho yake yote mawili yamekuwa na ukungu wa rangi ya buluu, uso umevimba na amekonda. Rafiki amenishauri nimchome sindano ya ndorobo ya ng'ombe niliyo nayo. Naomba ushauri.

Rafiki yako amekisia ugonjwa vizuri na tiba vibaya. Macho kuwa na ukungu, uvimbe wa uso, homa na kukonda, kwa mbwa anayeingia miombo yenye mbung'o, ni dalili za ndorobo, ugonjwa anaoueneza mbung'o, ambao mbwa huupata vikali kuliko ng'ombe wengi. Lakini dawa hiyo kwa mbwa ina nafasi ndogo mno kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoharibu ubongo, na sindano iliyochanganywa kwa makisio ya ndama imewahi kumaliza mbwa ambaye ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujammaliza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, damu ipimwe kwa hadubini, na apimwe uzito kabla ya kuchomwa chochote. Akitibiwa mapema macho huweza kurudi.

Nawe mwenyewe usijisahau. Mikoa yetu hii miwili ni miongoni mwa maeneo ambako malale yameonekana kwa binadamu, na mbung'o aliyemuuma mbwa hana sababu ya kukuruka wewe. Ukipata homa isiyoisha, mwambie mhudumu wa zahanati kwamba unatoka porini, hata asipokuuliza. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, kwa kuwa rangi hizo humvuta mbung'o.

Na ukifika mpaka wa hifadhi, mbwa abaki nje. Wengi hudhani katazo hilo linahusu uwindaji tu, lakini mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao chanzo chake kilihusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti.

Je, ni kweli kwamba mbwa akilishwa pilipili au bangi huwa mkali? Msomaji, Kasulu.

Si kweli. Pilipili humchoma tumbo na bangi humlevya. Mlinzi wako atalala wa kwanza.

Daktari, tunaishi Nguruka na mwezi ujao familia nzima itasafiri kwa treni kwenda Morogoro kwenye harusi, kwa wiki mbili. Mbwa wetu tumwachie chakula cha kutosha?

Chakula cha wiki mbili kikiachwa kwenye ndoo kitachacha siku ya pili, na mbwa atakata kamba siku ya tatu. Mteueni jirani mmoja, mtu mzima mwenye jina, si "vijana wa hapa nyumba ya pili". Amlishe mbwa kwa siku tatu au nne kabla hamjaondoka, ninyi mkiwa ndani, ili mbwa auzoee mkono wake na sauti yake. Aoneshwe bakuli, maji, saa ya kufunga na kufungua, mahali cheti cha chanjo kilipo na namba ya afisa mifugo. Mbwa abaki kwenu ikiwezekana, kwa sababu ukimhamishia kwa jirani atarudi kuwatafuta na atapotelea relini. Na huyo jirani mwachieni fedha ya dagaa mkononi siku ya safari, msimwahidi kwamba mtamrudishia mkirudi.